Conductor au Pankratops: dinosaria yupi aingie kwanza kwenye deki yako?

Ukikaa na wachezaji wa mchezo wa kadi wa Yu-Gi-Oh! hapa Arusha, iwe barazani Sakina au kwenye kibanda cha gemu Kaloleni, mazungumzo ya dinosaria hayakawii kufika kwenye majina mawili: Ultimate Conductor Tyranno na Dinowrestler Pankratops. Kila mmoja ana watetezi wake, na watetezi hao hawasikilizani. Nawaandikia wale ambao kwa sasa wanaweza kumpata mmoja tu. Kadi halisi hazipatikani kirahisi madukani kwetu. Nyingi hufika mkononi mwa ndugu anayerudi likizo kutoka nje, kwa hiyo ukipata nafasi ya kuagiza unaagiza chache na unachagua kwa makini. Anayecheza kwenye simu naye ana pointi zake za kutengenezea kadi, na zikiisha zimeisha.

Mabishano yetu mengi hupotea njia mwanzoni kabisa, kwa sababu tunasoma namba ya shambulio kabla ya kusoma masharti. Mimi kadi naipima kwa mambo mawili: inanidai nini kabla haijanifanyia kazi, na ninacheza pambano la aina gani. Kwa vipimo hivyo dinosaria hawa wawili wana jibu, ila jibu la mchezaji wa mezani si la mchezaji wa simu, na la mwenye deki ya dinosaria si la asiyekuwa nayo.

Walichoandikiwa

Conductor alitoka mwaka 2017 katika deki iliyopangwa tayari iitwayo Dinosmasher's Fury. Ana nyota 10, shambulio 3500 na ulinzi 3200. Haitwi kwa wito wa kawaida, ule unaoruhusiwa mara moja kwa zamu. Anatoka mkononi pale unapowafukuza mchezoni dinosaria wawili walioko kaburini mwako, yaani kwenye rundo la kadi zako zilizokwisha kutumika au kuangamizwa. Akishasimama uwanjani, mara moja kwa zamu, katika awamu kuu iwe yako au ya mpinzani, unaweza kuangamiza monsta mmoja aliyeko mkononi mwako au uwanjani kwako, na ukifanikiwa, monsta wote wa mpinzani walio wazi wanalazwa kifudifudi katika hali ya ulinzi. Juu ya hapo anaweza kushambulia kila monsta wa mpinzani, mara moja kila mmoja. Na akimshambulia aliye katika hali ya ulinzi, kabla hata nguvu hazijapimwa, unaweza kumkata mpinzani pointi 1000 za uhai na kumpeleka monsta huyo kaburini.

Pankratops alifuata mwaka 2018, kwenye toleo la Soul Fusion. Nyota 7, shambulio 2600, ulinzi 0. Mpinzani akiwa na monsta wengi kuliko wako, unamtoa mkononi na kumweka uwanjani bila kulipa chochote. Njia hiyo unaruhusiwa kuitumia mara moja kwa zamu. Kisha, katika zamu ya mchezaji yeyote, unaweza kumtoa kafara Dinowrestler mmoja, ambaye mara nyingi ni yeye mwenyewe, ukalenga kadi moja ya mpinzani na kuiangamiza. Kadi yoyote: monsta, uchawi, mtego uliofunikwa. Hakuna zaidi ya hapo kwenye maandishi yake, na hayo machache yalitosha kumfanya awekewe kikomo cha nakala moja kwa kipindi kirefu kwenye mashindano ya nchi za Magharibi.

Dogo mmoja wa Ngarenaro aliwahi kuniambia, "Sasa kaka, 3500 na 2600 tunabishana nini?" Nilimwomba atoe Black Tyranno kwenye boksi lake, maana wengi wenye kadi za zamani wanayo. Black Tyranno ana nyota 7 kama Pankratops. Shambulio lake ni 2600, sawasawa na la Pankratops, na ulinzi wake ni 1800 ambapo mwenzake ana sifuri. Kwa namba tupu Black Tyranno ni bora. Lakini wito wake wa kawaida unataka kafara mbili, na uwezo wake wa kumshambulia mpinzani moja kwa moja unafanya kazi tu pale ambapo mpinzani hana kadi nyingine yoyote isipokuwa monsta walio katika hali ya ulinzi. Kadi mbili zenye shambulio lile lile, moja imezeekea boksini na nyingine iliwekewa kikomo. Kilichozitenganisha ni masharti, na kwa sababu hiyo namba tutazirudia baadaye kidogo tu, kwenye mahesabu.

Conductor anataka ukoo mzima

Dinosaria wawili kaburini ni sharti linaloonekana dogo mpaka ujaribu kulitimiza katika deki isiyo ya dinosaria. Huko Conductor atakaa mkononi mwako hadi pambano liishe. Ndani ya deki ya dinosaria ni habari nyingine, kwa sababu karibu kila kadi nzuri ya ukoo huo inajaza kaburi bila kujipinda.

Mhimili ni Souleating Oviraptor. Huyu ana nyota 4 na shambulio 1800, na akiitwa, kwa wito wowote, unachukua dinosaria yeyote kutoka kwenye deki na kumweka mkononi au kumpeleka kaburini. Yeyote, hata Conductor mwenyewe. Kadi ya uchawi Fossil Dig nayo inakupa dinosaria mkononi, ila mwisho wake ni nyota 6. Haikufikishi kwa Conductor wala kwa Pankratops, inakufikisha kwa Oviraptor, na hapo ndipo inapolipa. Kuna Miscellaneousaurus, anayeweza kujitoa mkononi kwenda kaburini katika awamu kuu ili dinosaria wako wasiguswe na uwezo unaowashwa na mpinzani kwa awamu hiyo. Kuna watoto wawili wa nyota 2, Babycerasaurus na Petiteranodon, ambao wakiangamizwa na uwezo wa kadi na kufika kaburini huita dinosaria mwingine kutoka kwenye deki: wa kwanza huita wa nyota 4 kushuka chini, wa pili huita wa nyota 4 kwenda juu, ingawa aliyeitwa na huyu wa pili hashambulii zamu hiyo. Na kuna Giant Rex, shambulio 2000, ambaye akifukuzwa mchezoni anarudi uwanjani.

Tuone mkono wa kawaida tu. Unaanza wa pili, mpinzani ana monsta watatu wazi. Una Oviraptor, Miscellaneousaurus, Conductor na Babycerasaurus. Unamwita Oviraptor kwa wito wa kawaida, na kwa uwezo wake unampeleka Giant Rex kaburini. Miscellaneousaurus unamshusha kaburini, Oviraptor akakingwa. Sasa kaburini wapo wawili. Unawafukuza wote wawili, Conductor anasimama, na Giant Rex, kwa kuwa amefukuzwa, anarudi uwanjani. Kisha Conductor anawasha uwezo wake kwa kumwangamiza Babycerasaurus aliyeko mkononi mwako: monsta watatu wa mpinzani wanalala kifudifudi, na Babycerasaurus anamvuta Oviraptor wa pili kutoka kwenye deki.

Ingia vitani. Conductor anawapitia watatu waliolala, mmoja baada ya mwingine. Hawaangamizwi, wanapelekwa tu kaburini, kwa hiyo kinga ya "haangamizwi vitani" haiwasaidii, na kwa kuwa inatokea kabla kadi haijafunuliwa, hata wale wenye uwezo wa kufunuliwa wanaondoka kimya. Kila mmoja amemkata mpinzani 1000. Jumla 3000. Uwanja uko mtupu. Oviraptor wawili wanashambulia moja kwa moja, 1800 kila mmoja, na hesabu inafika 6600 kati ya pointi 8000 anazoanza nazo kila mchezaji. Giant Rex hashambulii mchezaji moja kwa moja, kwa hiyo simhesabu. Mpinzani amebaki na 1400, hana monsta hata mmoja, na mbele yake kuna Conductor ambaye zamu ijayo atamsubiri tena.

Hapo ndipo napenda kadi hii kwa dhati. Watu huizungumza kama nyundo ya kumalizia mchezo, lakini kazi yake bora kuliko zote inafanyika katika zamu ya mpinzani. Monsta aliyelala kifudifudi hawezi kuwa nyenzo ya kuita monsta wa Synchro, Xyz wala Link, wale wanaoitwa kwa kuunganisha monsta walioko uwanjani. Mpinzani anaanza kujipanga, anaweka mmoja, anaweka wa pili, anamtafuta wa tatu, unanyamaza. Anapokaribia kuwaunganisha, unamwangamiza mtoto mmoja mkononi na nyenzo zake zote zinalala. Zamu yake imekufa, na wewe umepata dinosaria mpya uwanjani.

Kosa la wengi ni kusubiri kupita kiasi. Monsta wa Link hana ulinzi, kwa hiyo hawezi kuwekwa katika hali ya ulinzi wala kulazwa kifudifudi. Mpinzani akishamtoa Link wake, Conductor hamgusi kwa uwezo huu. Itabidi ampige kwa shambulio. Walaze wakiwa wawili, usingoje wawe wanne. Jambo jingine: uwezo huu unahitaji monsta wa kuangamizwa, na maandishi hayamtoi Conductor mwenyewe kwenye orodha. Ukibaki na mkono usio na monsta na Conductor peke yake uwanjani, wa kuangamizwa ni yeye. Kwa hiyo tunza mtoto mmoja mkononi hata kama unatamani kumtumia mapema.

Pankratops hadai kitu

Kwa huyu maelezo ni mafupi kwa sababu kadi yenyewe ni nyepesi kubeba. Hataki dinosaria wenzake, hataki kaburi, hamalizi wito wako wa kawaida. Deki ya mazimwi wa bahari, ya roboti, ya wachawi, kote anaingia bila kubadili hata kadi moja nyingine. Ni kama fundi anayekuja na spana zake mwenyewe.

Uzuri wake mkubwa uko kwenye neno kafara, na watu wengi wanalipita. Kujitoa kwake ni malipo. Anaondoka uwanjani papo hapo unapotangaza, kabla mpinzani hajapata nafasi ya kujibu. Kadi kama Effect Veiler na Infinite Impermanence humzima monsta kwa kumlenga akiwa uwanjani. Pankratops akishajitoa hayupo tena uwanjani wa kulengwa. Na mpinzani akiwahi kumlenga kabla hujatangaza, unajibu kwa kumtoa kafara: mnyororo, yaani mfuatano wa kadi zinazojibizana, unatatuliwa kutoka mwisho kurudi mwanzo, kadi ya mpinzani inaangamia kwanza, na Impermanence inafika ikiwa haina wa kumzima. Vivyo hivyo akitaka kumwangamiza au kumteka kwa kadi inayolenga. Unapompoteza, unampoteza kwa bei uliyoichagua.

Cheza naye kwa subira. Wengi humwita na kumtoa kafara hapo hapo, wakifurahia kuvunja kadi moja. Kama hakuna kinachokuzuia kuingia vitani, mshambulishe kwanza. 2600 inampita monsta wa 2500 kama Dark Magician, na hata akitumika hivyo bado unaweza kumtoa kafara baada ya vita, au umwache asimame hadi zamu ya mpinzani, uvunje kadi ile anayoitegemea. Mtego uliofunikwa ndio chakula chake kizuri: piga ule unaokutia wasiwasi kabla hujaanza kuita monsta wako wa maana.

Udhaifu wake nao uko wazi. Ukianza wa kwanza, mpinzani hana monsta, na Pankratops ni kipande cha karatasi mkononi. Ukikutana na mtu anayecheza kwa mitego na uchawi bila kuweka monsta, sharti lake halitimii. Ulinzi 0 unamaanisha mtu akimgeuza tu kwenye hali ya ulinzi, chochote kinampita. Na anavunja kadi moja kwa kutoa kadi moja. Hakuachii faida ya idadi, anakuachia njia. Kama baada ya njia kufunguka huna cha kupitisha, hujapata kitu.

Nani anazuilika kirahisi

Wito wa wote wawili hauanzishi mnyororo. Hii ni nguvu wanayoshirikiana, na ni kubwa: mpinzani hawezi kujibu wito wenyewe kwa uwezo wa kawaida, labda awe na kitu kama Solemn Judgment kinachofuta wito moja kwa moja. Tofauti iko kwenye safari ya kufika hapo. Pankratops safari yake ni hatua moja. Conductor amepitia Oviraptor, na Oviraptor ndiye anayepigwa na Ash Blossom, kwa sababu Ash huzuia kuchukua kadi kutoka kwenye deki kwenda mkononi au kaburini. Akizuiwa Oviraptor na huna njia ya pili, kaburi linabaki na nafasi tupu na Conductor anabaki mkononi.

Macro Cosmos na Dimension Shifter ni pigo la aina nyingine. Zinafanya kila kinachokwenda kaburini kifukuzwe mchezoni. Kwa Conductor, hakuna kaburi hakuna wito, na wale watoto wawili hawaiti mtu kwa kuwa hawakufika kaburini. Pankratops haathiriki: kafara inabaki kafara hata kama aliyetolewa anakwenda nje ya mchezo. Kama kwenye meza yenu kuna mtu anayependa kadi hizo, na huwa yupo, mpe jambo hili uzito.

Conductor akishafika anajitetea kiasi tu. Mpinzani akimlenga na Impermanence unaweza kujibu kwa kulaza monsta wake, na jibu lako litapita. Ukianza wewe, yeye akajibu, uwezo unazimwa. Faraja ni kwamba kuangamiza kule si malipo. Ni sehemu ya matokeo. Ukizimwa, mtoto wako hajaangamia, bado yuko mkononi. Pankratops akizuiwa na kadi inayofuta uwezo bila kulenga, ameondoka na hajavunja kitu. Raigeki, uchawi unaoangamiza monsta wote wa mpinzani, kwa upande mwingine inamwondoa Conductor kama monsta yeyote; 3500 haina kinga ndani yake. Pankratops chini ya Raigeki anajitoa kwanza na kuondoka na kadi ya mtu.

Meza na simu si uwanja mmoja

Sehemu hii kwa wachezaji wa Arusha na Moshi naiona nzito kuliko zote, na ndiyo nisiyoisikia ikijadiliwa. Sifa za Pankratops zilizoenea zinatoka kwenye mashindano yanayochezwa kwa mapambano matatu, mshindi ni wa mawili, na kila mchezaji ana deki ya pembeni ya hadi kadi 15 anayobadilishana nayo kati ya pambano na pambano. Katika mfumo huo, aliyeshindwa pambano la kwanza ndiye anayechagua nani aanze, na mara nyingi anachagua kuanza yeye. Maana yake ukishinda la kwanza unatarajia kuanza wa pili, na unaweza kujiandaa kwa hilo. Ndipo unapomwingiza Pankratops kutoka pembeni, na ukipoteza la pili na kuchagua kuanza wa kwanza, unamrudisha pembeni. Mkono wake mbaya, ule wa kuanza wa kwanza, karibu haumkuti kamwe.

Sasa angalia tunavyocheza. Kwenye simu, gemu ya Master Duel iliyotoka Januari 2022 inakutanisha watu kwa pambano moja katika ngazi za ushindani, shilingi inarushwa, hakuna deki ya pembeni. Nusu ya mapambano, kwa bahati ya shilingi, Pankratops atakuwa karatasi mkononi. Bado ana thamani, lakini si ile thamani unayosoma kwa watu wa mashindano. Conductor hajali sana upande wa shilingi: akianza wa kwanza anasubiri kulaza nyenzo za mpinzani, akianza wa pili anazoa uwanja.

Mezani inategemea desturi yenu. Wapo wanaocheza pambano moja moja, aliyeshindwa anampisha anayesubiri. Hapo deki ya pembeni haina kazi, na hali ni ile ile ya simu. Lakini wapo pia, hasa vijana wanaokutana Jumamosi mchana kwa muda mrefu, wanaocheza mshindi wa mawili. Kama kundi lenu liko hivyo, tengenezeni deki za pembeni kwa uaminifu, maana mchezo unakuwa na akili mara mbili, na Pankratops kwenye meza ya namna hiyo ni dhahabu. Naomba tu, kwa yeyote mwenye kadi halisi, zivalishwe vifuko vyake vya plastiki. Vumbi la Julai na unyevu wa masika vinakula karatasi, na kadi iliyokunjika pembe inatambulika hata ikiwa kifudifudi, jambo ambalo si haki kwa mwenzako.

Nafungua kidogo dirisha la pembeni kwa wanaouliza kama kuna dinosaria "wa kwetu" kwenye mchezo huu. Hawa wawili hapana. Jamaa za Tyranno na wenye pembe kama Pankratops walikuwa hasa wanyama wa Amerika Kaskazini na Asia. Wetu ni wale wa Tendaguru, Lindi, waliochimbuliwa kati ya 1909 na 1913 na kupelekwa Berlin, ambako yule mwenye shingo ndefu, Giraffatitan, amesimamishwa hadi leo akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Kadi inayomkaribia ni Sauropod Brachion, nzito, ya kujikinga, haina kasi ya mchezo wa sasa. Ukimweka kwa mapenzi nitakuelewa kabisa, ila haingii kwenye ulinganisho huu.

Nani achukue nani

Kama huna deki ya dinosaria na hujapanga kuijenga, chukua Pankratops. Hapa sibadili neno, hata kwa mchezaji wa simu. Conductor bila ukoo wake ni picha nzuri, na picha haikushindii pambano. Mchezaji wa meza ya mshindi wa mawili aagize hata nakala tatu akizipata, zote zikae pembeni. Wa pambano moja amweke mmoja tu kwenye deki kuu, au wawili kama deki yake inapenda kuanza ya pili.

Kama unaijenga deki ya dinosaria, au tayari una Oviraptor na Fossil Dig, Conductor ndiye wa kwanza. Deki hiyo bila yeye inakusanya kaburi zuri na haina wa kulitumia. Nakala mbili zinatosha kwa wengi; tatu zinaanza kurundikana mkononi, na mkono wenye Conductor wawili bila Oviraptor ni mkono wa kushindwa. Usiagize Conductor kwa ndugu yako kabla hujaagiza Oviraptor. Nimeona vijana wakipokea jitu lao kwa shangwe, kisha likakaa miezi likisubiri kadi za kulifikisha uwanjani.

Na ukiweza kuwapata wote, baada ya muda, utakuta hawakuwa washindani kamwe ndani ya deki ya dinosaria. Pankratops aliyetolewa kafara ni dinosaria kaburini, tayari kufukuzwa ili Conductor aje. Pankratops uliyekwama naye mkononi kwa kuanza wa kwanza ni monsta halali wa kuangamizwa kwa uwezo wa Conductor. Kuna na lile ninalolipenda zaidi: katika zamu ya mpinzani, Conductor anamwangamiza Petiteranodon mkononi mwako, monsta wa mpinzani wanalala, na Petiteranodon anamwita Pankratops moja kwa moja kutoka kwenye deki, bila sharti la idadi ya monsta. Hawezi kushambulia zamu hiyo, lakini si zamu yako, kwa hiyo hupotezi kitu. Umelaza uwanja mzima na sasa una wa kuvunja kadi moja iliyobaki, iwe mtego au Link aliyeponyoka.

Ungeweza pia kutumia Double Evolution Pill, inayofukuza dinosaria mmoja na monsta mmoja asiye dinosaria kutoka mkononi au kaburini na kumwita dinosaria wa nyota 7 au zaidi bila kujali masharti yake. Ash Blossom uliyokwisha kuitumia inafaa kuwa huyo asiye dinosaria. Katika hali hiyo mlete Conductor, karibu kila mara. Pankratops ana njia zake za bure, usimlipie.

Kwa wa simu, hesabu ni hii. Kutengeneza kadi moja ya daraja la UR, lile la kadi adimu kabisa, kunakula pointi 30 za UR, na kuvunja ya kawaida ya daraja hilo kunakurudishia 10 tu. Kwa hiyo ukikosea kuchagua umepoteza theluthi mbili. Kabla hujabonyeza, fungua orodha ya kadi zako na uhesabu dinosaria ulionao. Wakiwa chini ya kumi, acha Conductor kwa sasa.